Kutembea Nuruni: Walokole Walivyotiana Moyo

Makanisa mengi yana siku ya ushirika. Watu hukusanyika jioni sebuleni kwa mmoja wao, wakaimba, wakasikia neno, wakaombeana, wakanywa chai. Ni jambo jema. Lakini mwenye deni la siri, au aliyeacha kusemezana na ndugu yake, aghalabu hurudi nyumbani na mzigo wake uleule, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Walokole wa kwanza wa Afrika Mashariki, yaani waamini wa uamsho wa miaka ile, walitiana moyo kwa njia nyingine. Mwaka 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu ya Mungu, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ulitoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Bukoba (Tanganyika) na Kenya. Walioueneza walikuwa hasa walei: walimu, wauguzi, wakulima, wake kwa waume.

Msingi wao ulikuwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, unaofungamanisha ushirika na kutembea nuruni. Waliusoma kama agizo la kutendwa wiki hii. Katika ushirika mtu alisimama akataja alichokosa kwa jina lake: wizi kazini, chuki juu ya mtu wa kabila jingine, uongo nyumbani. Wamisionari wazungu nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo zito sana zama zile za ukoloni. Kisha toba ilitoka nje ya mkutano: aliyeiba alirudisha, aliyekosana na mtu alimfuata. Wenzake walimwimbia wimbo wa sifa wakamkumbatia. Hapo ndipo moyo ulipotiwa nguvu, kwa maana aliyepokelewa alikuwa yeye mwenyewe, na doa lake linajulikana.

Kwa nini kuambiana kweli kuwe mara kwa mara? Waraka kwa Waebrania, 3:13, unataka waamini waonyane kila siku, na sababu inayotajwa ni udanganyifu wa dhambi. Aliyedanganywa hajui kwamba amedanganywa; angejua, angejitoa. Ndiyo maana anahitaji jicho la mwenzake. Kwa maoni yangu hilo ndilo tunalolisahau zaidi tunapozungumza juu ya kuwa tayari kwa kuja kwa Bwana. Tunahesabu dalili za nyakati, na huku hatujui jirani yetu wa benchi la kanisani anapigana na nini.

Uamsho ule ulikuwa na kasoro zake. Pengine asiyekuwa na la kuungama alionekana baridi, na watu wakaanza kupimana wokovu. Makundi yaligawanyika. Hata hivyo, ushirika ule ulizaa watu waliosimama saa ya hatari ilipofika. Nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao, wakakataa pia kushika silaha za serikali, na baadhi waliuawa. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho huo, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda mwaka 1974. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, rais wa Uganda, barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa. Mtu aliyezoea kwa karibu miaka 30 kusema kweli mbele ya ndugu zake, na kuambiwa kweli nao, hakuhitaji kuanza kujifunza ujasiri siku ile.

Ndugu viongozi wa ushirika, rudisheni desturi hii kwa busara. Kundi liwe dogo, watu wafahamiane. Siri ya mtu isifike kamwe kwenye kundi la simu. Aliyepigwa au kudhulumiwa asilazimishwe kusimulia mbele ya watu. Apelekwe kwa anayemwamini na, inapobidi, polisi. Kiongozi aanze yeye kuungama, kabla hajamwuliza mwingine. Na mkutano ujao, kabla ya chai, mwulizeni yule aliyeomba msaada wiki iliyopita amefikia wapi.