Fahamu: Vipaji vya besiboli husakwa vipi kabla ya drafti?

Drafti ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) ilianza mwaka 1965. Siku hizi hufanyika Julai, na klabu 30 huchagua chipukizi kwa zamu katika raundi 20. Wanaochaguliwa ni vijana wa shule za sekondari na vyuo vya Marekani, Kanada na Puerto Rico.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, wasaka vipaji huzunguka viwanjani. Msaka vipaji huketi nyuma ya mpigaji, akiwa na kifaa cha rada cha kupima kasi ya mpira na saa ya kuhesabu sekunde. Mpigaji wa mkono wa kulia anayefika kituo cha kwanza, mita 27 hivi, kwa sekunde 4.3 huhesabiwa kuwa na mbio za wastani. Kila uwezo hupewa alama kati ya 20 na 80. 50 ni kiwango cha kawaida cha ligi kuu.

Kigumu zaidi ni kukisia kijana wa miaka 18 atakuwaje akifika 25, na hapo hata wazoefu huchemka. Kwa mfano, mchezaji Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988, enzi ambazo raundi zilikuwa nyingi kuliko sasa. Lakini mwaka 2016 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli.