Fuko Katika Uwanja wa Nyasi: Yafaayo Kuzingatiwa Kabla ya Kununua Sumu

Wakazi wa nyanda za juu, kama vile Arusha na Kilimanjaro, huamka wakakuta vifusi vya udongo mbichi vimeibuka katikati ya nyasi za nyumbani. Mara nyingi mhusika ni fuko, mnyama wa jamii ya panya aishiye chini ya ardhi na kula mizizi. Hasara anayoileta ni ndogo ikilinganishwa na madhara ya sumu iliyonunuliwa kwa pupa.

Hakikisha kwanza

Fuko huishi peke yake katika njia zake. Kwa hiyo vifusi vingi vyaweza kuwa kazi ya mnyama mmoja tu. Wingi wake usikushawishi kununua dawa nyingi. Ondoa kifusi kipya, fukua hadi uione njia, kisha uiache wazi. Fuko akiwamo, atarudi kuiziba kwa udongo, aghalabu katika muda wa siku moja. Njia iliyobaki wazi haihitaji mtego.

Tumia mtego

Mtego hutegemea tabia hiyo hiyo: hutegwa ndani ya njia iliyofunguliwa, na fuko hunaswa anapokuja kuiziba. Wategaji wa vijijini hutumia kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fimbo iliyopindwa. Ukaguliwe asubuhi na jioni, ili mnyama asiteseke bure. Ukimwajiri mtegaji, patana naye malipo kwa kila fuko atakayenaswa na kuonyeshwa kwako, si kwa idadi ya vifusi wala ya mitego. Mapatano hayo yafanywe kabla ya kazi kuanza.

Jihadhari na sumu

Usinunue sumu iliyofungwa katika karatasi au chupa isiyo na kibandiko, hata ikiwa bei yake ni nafuu. Kiuatilifu halali kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na kibandiko chake hutaja kiambato, namna ya kutumia, tarehe ya kuisha muda na huduma ya kwanza. Mtoto akila sumu, tabibu huhitaji kujua ni sumu gani ili amtibu ipasavyo. Pakiti isiyo na jina humnyima nafasi hiyo.

Vidonge vya alumini fosfaidi, vitumikavyo kuhifadhi nafaka, visitiwe kamwe katika mashimo yaliyo karibu na nyumba. Vikipata unyevu hutoa gesi ya sumu, ambayo huweza kupenya nyufa za ardhi na kuingia vyumbani, nayo haina dawa mahususi ya kuizimua. Vivyo hivyo, kumimina petroli shimoni huharibu udongo na kuhatarisha nyumba kwa moto.

Ajali ikitokea, usimlazimishe mgonjwa kutapika. Mpeleke mara moja kituo cha afya, pamoja na chombo cha sumu hiyo.

Baada ya kunasa

Bomoa njia za juu, shindilia udongo na upande ukoka upya, kwani njia tupu zaweza kukaliwa na fuko mwingine. Kagua uwanja kila wiki: kifusi kimoja kipya ni rahisi kukishughulikia kuliko kumi. Tunza stakabadhi ya kila ununuzi. Ndiyo ushahidi wako iwapo bidhaa itakuwa na kasoro.