Uundaji wa ndege ndogo za kivita wahitaji subira na ukweli wa historia

NDEGE ya kivita aina ya F-5E ina urefu wa takriban mita 14.5. Ikipunguzwa mara 32, urefu huo huwa sentimita 45, ndege inayoweza kuegeshwa juu ya meza ya kulia chakula. Kipimo hicho cha 1:32 ndicho ambacho waundaji wa ndege za mfano hukihesabu kuwa kikubwa. Katika kipimo cha 1:72, kilichozoeleka zaidi, ndege hiyo hiyo huwa na urefu wa sentimita 20 tu.

Tofauti hiyo si ya ukubwa pekee. Katika kipimo kidogo jicho husamehe mengi. Katika kile kikubwa, mtazamaji hutarajia kuona mikanda ya kiti cha rubani, mirija ya breki kwenye miguu ya magurudumu, na safu za ribiti zilizoshikilia mabati ya mabawa. Kazi ya wikendi moja hugeuka kuwa kazi ya miezi kadhaa.

Kwa mkazi wa Kimulot, eneo la majani chai katika Konoin, Kaunti ya Bomet, uraibu huu una vikwazo viwili. Cha kwanza ni unyevu wa hewa ya milimani. Cha pili, ambacho ni kizito zaidi, ni kwamba ndege hizi hufika kutoka viwanda vya ng'ambo zikiwa na alama za mataifa mengine. Anayetaka kuunda ndege ya Kenya hana budi kuitafuta Kenya mwenyewe.

Kazi inavyoanza

Vipande vya plastiki huja vikiwa vimeshikamana kwenye fremu. Huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha hukatwa kwa wembe na kulainishwa kwa msasa. Chumba cha rubani hutangulia kuundwa na kupakwa rangi, kwa kuwa pande mbili za kiwiliwili zikishagandishwa, mkono hauingii tena.

Gundi inayotumika huyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwe kitu kimoja. Mvuke wake ni hatari, hivyo dirisha liwe wazi na watoto wasiachwe nayo peke yao. Nyufa zinazobaki huzibwa kwa puti na kupigwa msasa uliolowa maji, ili vumbi lisipeperuke na kuvutwa mapafuni.

Vitu vingi vya kunakshia hupatikana bila gharama. Nyaya nyembamba za shaba kutoka kwa kebo kuukuu za simu huwa mirija ya breki. Bati la mkebe wa soda huwa vifuniko vya mashimo ya magurudumu. Karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti za bidhaa nyingi za dukani, ikikatwa vipande vyembamba, huwa mikanda ya kiti.

Asiyemudu bei ya plastiki, nauli ya kifurushi na ushuru wa forodha anaweza kurejea kwenye mbao. Hilo si jambo la kuonea haya. Mwaka 1942, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo wachonge ndege 500,000 za mbao kwa kipimo cha 1:72, ili wanajeshi wajifunze kutofautisha ndege za adui na za kwao. Mkaratusi, uliojaa katika maeneo ya chai kwa ajili ya kuni za viwanda, haufai sana kwa kuwa hupasuka na kupinda unapokauka. Jakaranda, ambayo wachongaji wa Ukambani huitumia kwa wingi, ni laini na hutii kisu.

Unyevu wa milimani

Mvua za ukanda wa Kericho na Bomet, zinazoustawisha mchai karibu mwaka mzima, ni adui wa rangi. Rangi zinazokauka haraka huupoza uso wa plastiki kimiujemuje vinapopaa vimiminika vyake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji huganda juu ya uso huo na kuacha ukungu mweupe kwenye rangi iliyopaswa kung'aa.

Dawa yake ni kupaka rangi saa za adhuhuri katika chumba kikavu, kisha kuiweka ndege ndani ya kasha lenye joto kidogo. Anayetumia mashine ya kupulizia rangi anahitaji chujio la maji kwenye mpira wa hewa, la sivyo matone yatarukia kazi yake. Rangi zinazochanganywa na maji hukauka polepole zaidi, lakini hazisumbui kwa ukungu huo.

Karatasi za alama, zile zinazobanduliwa kwa maji na kubandikwa kwenye mabawa, nazo huharibika zikikaa katika unyevu. Huhifadhiwa ndani ya mkebe usioingiza hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.

Alama za Kenya

Bendera ya Kenya ina milia miwili myembamba myeupe kati ya rangi nyeusi, nyekundu na kijani. Mashine za kawaida za kuchapishia hazina wino mweupe. Kwa hiyo anayechapisha alama zake mwenyewe hutumia karatasi ya alama iliyo nyeupe na kuikata kwa uangalifu ukingoni, au hupaka rangi nyeupe kwanza mahali ambapo alama itakaa.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika tarehe. Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964, likaanza na ndege ndogo za mafunzo aina ya Chipmunk. Baadaye zilifuata Strikemaster na Hunter za Uingereza, na kuanzia 1978 F-5 za Marekani. Ndege za Hawk zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Tucano zikaja baadaye.

Kati ya orodha hiyo kuna Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi lililoongozwa na askari wa jeshi hilo. Marubani walioshurutishwa kuruka kutoka Nanyuki ili kuushambulia mji mkuu waliyaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi hilo lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na halikurejeshewa jina lake la awali hadi 1994.

Kwa sababu hiyo, muundaji hawezi kusema tu kwamba anaunda F-5 ya Kenya. Lazima aseme ni ya mwaka gani. Ya 1979 ni ya jeshi lenye jina moja, ya 1985 ni ya jeshi lenye jina jingine, na ya Oktoba 2011 ni ya jeshi lililoingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Anayeiegesha Tucano katika mandhari ya Agosti 1982 ameandika uongo kwa rangi na gundi.

Picha za kumwongoza zitafutwe katika magazeti ya zamani, vitabu na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Kupiga picha kambi za jeshi bila idhini ni kosa kisheria, na hakuna ndege ya plastiki inayostahili mtu kulala korokoroni.

Historia yenye makovu

Zipo pia ndege zilizoruka katika anga ya Kenya kabla ya uhuru. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, jeshi la Uingereza lilitumia Harvard ndogo, na baadaye Lincoln zenye injini nne, kuishambulia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Plastiki za Harvard zinauzwa hadi kipimo cha 1:32. Lincoln katika kipimo hicho ingekuwa na mabawa ya zaidi ya mita moja.

Waundaji wengi wa ng'ambo huiona Lincoln kama mashine nzuri ya injini nne. Kwa Mkenya, chini ya mabawa hayo kulikuwa na watu. Hiyo si sababu ya kutoiunda. Ni sababu ya kuweka kando yake kadi ndogo inayotaja mwaka, mahali, na waliokuwa ardhini mabomu yalipoanguka.

Kadi hiyo haigharimu chochote, ilhali ndiyo inayotenganisha kumbukumbu na mchezo. Ribiti zinaweza kuhesabiwa sawasawa na rangi ikang'aa bila doa, lakini mtoto akiuliza ndege hii ilifanya nini, plastiki haina jibu. Aliyeiunda ndiye anayepaswa kuwa nalo.