Kuwatafutia makazi mbwa waliookolewa

Kuwatafutia makazi mbwa waliookolewa ni kazi ya kuwapatia walezi au wenyewe wapya mbwa waliotupwa, waliopotea, waliojeruhiwa au waliotendewa ukatili. Kazi hiyo ina njia kuu mbili. Katika malezi ya muda, kaya humtunza mbwa kwa wiki au miezi kadhaa hadi apone au apate mwenyewe. Katika kuasili, mtu humchukua mbwa awe wake kabisa na kuwajibika kwake kwa maisha yote ya mnyama huyo, ambayo kwa kawaida ni miaka 10 hadi 13.

Historia

Mojawapo ya nyumba za kwanza za kupokea mbwa waliopotea ilianzishwa mjini London, Uingereza, mwaka 1860 na Mary Tealby. Mwaka 1871 ilihamia mtaa wa Battersea, na bado ipo hadi leo.

Katika Afrika Mashariki, chama cha kutetea wanyama kilianza nchini Kenya mwaka 1910. Leo kinajulikana kwa kifupi KSPCA na kinaendesha kituo mjini Nairobi. Nchini Uganda chama kama hicho kilianzishwa mwaka 1996, nacho kina kituo cha mbwa na paka mjini Kampala. Nchini Tanzania, shirika la Mbwa wa Africa hufanya kazi hiyo mkoani Arusha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2008. Inakataza kumtesa mnyama na kumtaka anayemfuga atimize mahitaji yake.

Hali ya vijijini

Watu wengi hudhani kwamba kila mbwa anayetembea peke yake ni mbwa koko. Tafiti zilizofanyika Tanzania zinaonyesha kwamba mbwa walio wengi wana wenyewe, ila hawafungwi. Katika maeneo ya kilimo kama Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, mbwa hulinda nyumba na mifugo, na hufukuza nyani na nguruwe pori mashambani. Mchana huzurura kutafuta chakula, jioni hurudi.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kumwokoa mbwa ni kuuliza. Majirani, watoto wa shule na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji huweza kumtambua. Kumchukua mbwa bila kuuliza kunaweza kuwa wizi, hata kama nia ilikuwa njema. Mbwa akiwa na mwenyewe lakini amekonda au ni mgonjwa, mara nyingi inafaa zaidi kumsaidia mwenyewe apate chanjo na dawa kuliko kumhamisha mnyama.

Uhusiano na kichaa cha mbwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Zaidi ya asilimia 95 ya watu hao huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa muda mrefu hofu hiyo imefanya mbwa wapigwe risasi au kutiliwa sumu. Njia hiyo haizuii ugonjwa. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa au mbwa wageni wasio na kinga. Kinachozuia ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kampeni hiyo mara kwa mara.

Kisiwa cha Pemba ni mfano mzuri. Baada ya kampeni za chanjo, kichaa cha mbwa kilitoweka huko mwaka 2014. Mwaka 2016 kiliingia upya kutoka nje ya kisiwa, kikatokomezwa tena kwa chanjo mwaka 2018. Anayetafutia mbwa makazi anapaswa kukumbuka jambo hilo, kwa maana mbwa anayehamishwa bila chanjo anaweza kubeba ugonjwa hadi mahali ambapo haukuwepo.

Wanyamapori pia huathirika. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo hupatikana kwa mbwa wa kufugwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kwa mkoa kama Katavi, wenye hifadhi ya taifa, afya ya mbwa wa vijijini ni sehemu ya uhifadhi.

Hatua za kazi

Mbwa aliyeokolewa hutengwa kwanza na mbwa wengine kwa angalau wiki mbili, kwa kuwa anaweza kuwa na virusi vya pavo vinavyoleta kuhara damu, au distempa. Mtaalamu wa mifugo humpima, humpa dawa ya minyoo, kupe na viroboto, na humchanja. Chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa kichaa, na dalili zinaweza kuchelewa kwa wiki au miezi; kwa hiyo mlezi huendelea kumchunguza. Mbwa akibadilika tabia ghafla, akatoka mate mengi au akashindwa kumeza, hashikwi. Mtaalamu wa mifugo huitwa.

Dume huhasiwa na jike hufungwa kizazi kabla ya kukabidhiwa. Hatua hiyo ina uzito, kwa sababu jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wasiotakiwa ndio hutupwa. Mtoto wa mbwa haondolewi kwa mama kabla ya wiki nane.

Malezi ya muda yana faida mbili: hayahitaji jengo, na humwonyesha mlezi tabia za mbwa, kwa mfano kama anawavumilia watoto, kuku na mbuzi.

Kuchagua nyumba

Mwombaji huulizwa mbwa atakula nini, atalala wapi, nani atamtunza familia ikisafiri au ikihamia shambani msimu wa kilimo, na kama wote nyumbani wamekubali. Katika nyumba ya kupanga, kibali cha mwenye nyumba huhitajika. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ingawa ufugaji kwa ajili ya ulinzi, mifugo au uwindaji unaruhusiwa. Kwa hiyo mbwa wa ulinzi mwenye banda lake uani anaweza kukubalika pale ambapo mbwa wa ndani hawezi.

Makabidhiano huandikwa, pamoja na cheti cha chanjo na ahadi ya kumrudisha mbwa endapo mwenyewe mpya atashindwa. Baadaye mlezi humtembelea au kupiga simu.

Usalama wa walezi

Anayeng'atwa au kukwaruzwa huosha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya kupata chanjo bila kusubiri dalili. Mbwa aliyeng'ata hauawi ovyo. Akiweza kufungiwa salama, huchunguzwa kwa siku 10. Watu wanaoshika mbwa wageni mara kwa mara hushauriwa kuchanjwa mapema.