Meno Yenye Muzizi wa Chuma

Mama mumoja muzee alikuja kwetu kwa sababu ya tumbo na kukonda. Tulimupima, lakini hatukuona ugonjwa wa tumbo. Kisha tulimuuliza anakula nini. Alinyamaza kidogo, halafu alifungua fundo la kitambaa chake, na ndani mulikuwa meno ya bandia. Alisema, "Meno yangu ni haya, lakini yanakaa katika kitambaa kuliko katika kinywa." Alipoimba, yalianguka. Alipotafuna, yalimuumiza. Kwa hiyo alikunywa uji tu, tena peke yake nyuma ya nyumba, wakwe wake wasimuone. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na njaa na haya.

Wako watu wengi kama mama huyu. Wengine wamesikia kwamba siku hizi waganga wa meno wanaweza kupanda meno ndani ya mufupa, nao wanatuuliza: Je, ni kweli? Je, ni kwa ajili yetu? Tutajibu maulizo hayo moja moja.

1. Kwa nini meno ya kuvaa yanalegea?

Jino lina sehemu mbili. Sehemu moja tunaiona, ndiyo inayotafuna. Sehemu ya pili ni muzizi, nao umefichwa ndani ya mufupa wa taya. Kila mara tunapotafuna, muzizi unausukuma mufupa kidogo, na kwa kazi hiyo mufupa unabaki na nguvu. Jino likingolewa, mufupa ule unakosa kazi. Unaanza kupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza, na hauachi kupungua katika miaka inayofuata. Ni kama udongo wa kilima: miti ikikatwa, mvua inauchukua polepole.

Muganga anatengeneza meno ya kuvaa kwa kipimo cha ufizi wa siku ile. Miaka ikipita, ufizi unashuka, lakini meno ni yale yale. Ndiyo sababu yanacheza. Meno ya juu yanashikwa na mate juu ya kaakaa pana. Meno ya chini hayana mahali pana pa kushika, tena ulimi unayasukuma kila wakati. Kwa hiyo wengi wanaolalamika wanalalamika juu ya meno ya chini.

2. Muzizi wa chuma ni kitu gani?

Ni kama musumari mufupi unaoingizwa kwa kuzungushwa. Urefu wake ni karibu milimita 10, na upana wake karibu milimita 4. Umefanywa kwa chuma chepesi kinachoitwa titani, kisichoshika kutu mwilini.

Kazi hii ilianza katika nchi ya Uswidi. Mwaka wa 1952 muganga Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza namna damu inavyopita katika mufupa wa sungura. Alitia vyombo vidogo vya titani ndani ya mufupa. Alipotaka kuvitoa, havikutoka: mufupa ulikuwa umevishika kabisa. Hakutazamia jambo hilo, lakini alilitafakari. Mwaka wa 1965, katika muji wa Göteborg, alitia mizizi ya titani katika taya la mutu kwa mara ya kwanza. Mutu yule aliitumia zaidi ya miaka 40, mpaka alipokufa mwaka wa 2006.

3. Kazi inafanyika namna gani?

Kwanza, muganga anapima kinywa na kupiga picha ya taya, aone kama mufupa unatosha. Pili, anapiga sindano ya ganzi, anatoboa tundu dogo katika mufupa na kuingiza muzizi. Tatu, kuna kungoja. Mara nyingi ni miezi 3 kwa taya la chini, na mpaka miezi 6 kwa taya la juu, maana mufupa wa juu ni laini zaidi. Wakati huo mufupa unakua na kuushika muzizi. Mwisho, jino linafungwa juu ya muzizi. Kuna wagonjwa wachache wanaoweza kupewa meno upesi, lakini muganga ndiye anayeamua, si mugonjwa.

4. Je, kila jino linahitaji muzizi wake?

Hapana. Aliyepoteza jino moja anawekewa muzizi mumoja na jino moja. Aliyepoteza meno yote ya chini anaweza kupata mizizi 2 tu, upande wa mbele. Juu ya kila muzizi kuna kitu kama kifungo cha shati, na meno ya kuvaa yanakamata hapo. Bado anayavua na kuyasafisha, lakini hayarukiruki tena anaposema au kutafuna. Mwaka wa 2002 wataalamu waliokutana Montreal, katika Kanada, walikubali kwamba njia hii ya mizizi 2 ndiyo ingepaswa kufikiriwa kwanza kwa mutu asiye na jino hata moja chini. Namna nyingine ni mizizi 4 au zaidi, na meno yanafungwa juu yake bila kuvuliwa. Hiyo ndiyo inayogharimu zaidi.

5. Nani asiharakishe?

Kijana ambaye taya lake halijamaliza kukua. Mwenye ugonjwa wa sukari usiotulizwa. Mwenye kuvuta tumbako, maana kidonda chake kinapona vibaya. Aliyechomwa taya kwa mionzi kwa sababu ya kansa, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa. Na mwenye ufizi unaotoa damu au usaha: huyo atibiwe kwanza. Musimufiche muganga jambo lolote.

6. Je, kazi imekwisha jino likifungwa?

Haijakwisha. Chuma hakiozi, lakini ufizi unaokizunguka unaweza kuoza. Uchafu ukikaa hapo, usaha unaingia na mufupa unaliwa, mara nyingi bila maumivu. Kwa hiyo piga muswaki asubuhi na usiku, na urudi kwa muganga kila mwaka. Wagonjwa wakichaguliwa vizuri na kujitunza, mizizi zaidi ya 90 kati ya 100 inabaki imara hata kiisha miaka 10.

7. Na asiye na fedha?

Kazi hii ni ya gharama kubwa, na inapatikana katika miji mikubwa tu. Ndugu, usiuze shamba linalolisha watoto wako kwa ajili yake. Kuna njia nyingine. Meno yaliyolegea yanaweza kutiwa tabaka jipya ndani, lifuate ufizi wa leo. Usimupe fundi wa njiani ayabandike kwa gundi ya viatu, wala usiyakwangue kwa kisu. Yavue usiku, yasugue kwa muswaki na sabuni, yalale katika maji safi. Usiyatie katika maji yanayochemka, yatapotoka. Na kidonda cha kinywa kisichopona katika majuma 2 kionyeshwe kwa muganga, hata kama hakiumi.

Wewe mwenye meno yako, tunza mizizi uliyozaliwa nayo. Hakuna chuma kinachoishinda.

Yule mama hakupata muzizi wa chuma. Tulimutuma kwa muganga wa meno, naye alitia tabaka jipya katika meno yake ya zamani. Siku alipopita kutusalimu tulimuuliza juu ya tumbo. Alicheka, akatuambia kwamba jana yake alikula bugali na nyama, mezani pamoja na wakwe zake.