Mpira wa Gari Huliwa na Njia, Tena Huliwa na Dereva

Wenye magari hulalamika kwamba mipira ya siku hizi haidumu. Lakini magari mawili ya aina moja, yaliyovikwa mipira ya duka moja siku moja, huweza kupishana sana. Tofauti iko njiani na mguuni mwa dereva.

Tazama gari liendalo Kampala hadi Masaka juu ya lami, na jingine lipandalo milima ya Kabale kwenda Kisoro. La kwanza husafiri kwa mwendo ulio sawa. La pili hukata kona baada ya kona, na kila kona mpira huburutwa ubavu. Kwenye mteremko breki nazo hudai fungu lao. Njia ya changarawe ni adui wa namna nyingine: magurudumu yakizunguka bure mlimani, vijiwe huchonga mpira kama tupa. Shimo la lami ni baya zaidi, kwa kuwa ukingo wake huubana mpira juu ya ringi, nyuzi za ndani zikakatika. Baadaye hutokea uvimbe ubavuni, na uvimbe huo hauna dawa ila kuutupa mpira.

Lakini mharibifu mkuu ni upepo usiopimwa. Ukiwa haba, mpira hunepa na kupata joto, nao hulika kingo mbili. Ukizidi, hulika katikati. Mpira unaolika upande mmoja tu huonyesha kwamba magurudumu hayakunyooshwa sawasawa. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari. Wapo wanaoupunguza njiani kwa sababu mpira umepata moto. Hilo ni kosa, kwani ukipoa utakuwa na upungufu. Kiasi kifaacho huandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva katika magari mengi, nacho huongezwa gari linaporudi kutoka kijijini na jamaa wote pamoja na mikungu ya ndizi.

Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kina cha mifereji kuwa milimita 1.6. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo. Mpira ukilingana navyo, umekwisha. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kupitia, gari huelea na breki hazisikii, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Anayenunua mpira uliokwisha kutumika asome tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata stoo.

Na ule wa akiba upimwe pia. Wengi huukumbuka usiku, porini, nao hauna upepo.