"Haishiki": Kitenzi Kimoja na Hitilafu Tatu za Modemu

Kitenzi "kushika", kilichozoeleka kwa redio, kilihamia kwenye modemu bila kubainishwa maana. Kwa mtumiaji wa Linux aliyekuwa Singida miaka ya 1990, akimpigia mtoa huduma wa Dar es Salaam, takriban kilomita 700, utata huo ulikuwa na gharama.

Modemu isiyoitikia OK inapopewa amri AT "haijibu": hapo huchunguzwa waya na jina la mlango, kwani ttyS0 ndiyo mlango wa kwanza, wala si ttyS1. Nyingine hujibu ila "haisikii" mlio wa laini. Iwapo sikio la mtu linausikia (na sikio, kwa maoni yetu, ndicho kipimo cha awali), ATX3 huiamuru ipige bila kuungoja. Hadi hapo simu haijapokelewa, hivyo hailipiwi.

Hali ni tofauti modemu mbili zinapokwisha kuelewana, kisha pppd ikakata kwa kuwa nywila "haikubaliwi". Simu ya masafa imekwishahesabiwa. Kubadili waya hakufai kitu. Sababu husomwa katika kumbukumbu za mfumo, aghalabu /var/log/messages, kabla ya kupiga tena.